TAHADHARI wenye maboti Goma na Bukavu: huyu "fundi wa epoksi" (gundi ngumu ya kuzuia maji kwenye boti) ni mwizi!

Wandugu, nina aibu kuandika haya, lakini hasira imeshinda aibu.

Ile boti yangu ya faiba mnaijua. Nilipoipandisha nchi kavu, tumbo lote lilikuwa malengelenge, mengine mapana kama kizibo cha soda. Huyu bwana akaja, akachagua moja, akalitoboa kwa msumari. Maji yakaruka. Akachovya kidole, akaninusisha: siki kabisa! Akasugua vidole, yananata. Akanieleza kwamba maji yamepenya jelikoti, ile ngozi ya nje ya boti, yamekutana na rezini, gundi inayoshika faiba, isiyoganda vizuri tangu kiwandani, yamekuwa asidi inayovuta maji mengine mpaka ngozi inavimba. Eti ziwani kwetu Kivu inavimba upesi kuliko baharini, kwa kuwa maji hayana chumvi nyingi. Na yote hayo ni kweli, nimeuliza! Mtu anayejua ugonjwa namna hiyo, nani angemkatalia dawa? Tena namba yake nilipewa na mzee tunayemheshimu sote.

"Kaka, naweka epoksi ya Ulaya, wiki moja unarudi majini." Nikamhesabia dola noti kwa noti. Moja ilichanika kidogo kwenye kona, akairudisha, akataka nyingine. Yeye mwizi, ndiye wa kukagua noti zangu!

Akapitisha msasa juu juu, mvua inanyesha, akapaka chini ya turubai. Bidoni moja ya rezini, na kichupa kidogo anachohesabia matone. Haikuwa epoksi, ilikuwa rezini ya poliesta, ileile ya kuzibia magari. Leo malengelenge yamerudi makubwa zaidi, rangi inabanduka kwa ukucha, na simu yake haipatikani.

Epoksi ya kweli inakuja katika makopo mawili, rezini na kigandishi chake, inachanganywa kwa vipimo, 2 kwa 1 au 5 kwa 1 kama ilivyoandikwa, si matone. Na boti isagwe hadi kwenye faiba, ioshwe maji safi mara nyingi, ikauke wiki nyingi, hata miezi. Bandika plastiki tumboni, ziba pande zote, ilale. Ukikuta jasho ndani, bado haijakauka. Anayesema wiki moja, mfukuze.

Lakini huyu kufukuzwa hakutoshi. Akamatwe, arudishe makuta yote, asiguse tena boti inayobeba watoto wa watu! Atakayemuona Bukavu, Minova au Idjwi anipigie usiku au mchana, nakuja na karatasi aliyosaini.