Mkusanyiko wa Lester S. Levy: hazina ya majalada ya nota za zamani

Kwa anayependa majalada ya nota, yaani karatasi za muziki zilizochapishwa, za nyimbo zilizovuma Marekani enzi za piano ya sebuleni, pa kuanzia ni tovuti ya Mkusanyiko wa Lester S. Levy, wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Baltimore. Una nota zaidi ya 29,000, za kuanzia 1780 hadi 1980, na kutazama ni bure.

Uzuri wake umo kwenye maelezo ya kila wimbo. Pamoja na mtunzi na mchapishaji, yanataja mstari wa kwanza wa wimbo, mstari wa kwanza wa kiitikio, na mchoraji wa jalada pale anapojulikana. Andika jina la mchoraji kama Starmer, Barbelle au De Takacs, na kazi zao zitakuja pamoja hata kama watunzi ni tofauti. Jina la wimbo likikupotea, tafuta kwa kiitikio. Ndicho hukaa kichwani.

Jiandae lakini: majalada mengi ya miaka ya 1890 na 1900 yanawachora Wamarekani weusi kwa dhihaka chafu. Yanaumiza, na ni sehemu ya biashara ya nota ya enzi hizo.

Wanaonunua nota za zamani hukosea zaidi kwenye mwaka. Ule ulio chini ya ukurasa wa kwanza wa nota ni wa hakimiliki, si wa kuchapwa kwa jalada. Wimbo “Over There” wa George M. Cohan ni wa 1917, ilhali jalada alilochora Norman Rockwell ni la 1918, chini ya mchapishaji Leo Feist. Mara nyingine mchoro hubaki uleule, ikabadilishwa picha ya mwimbaji tu.

Skrini haikuonyeshi ukubwa, kwa hiyo shika rula. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza nota nyingi zilikuwa na takriban sm 27 kwa 35. Baadaye zikawa sm 23 kwa 30. Wakati wa vita hiyo yalitoka pia matoleo madogo ya kubana karatasi, kama sm 18 kwa 25. Kipimo kisipolingana, kagua kingo: wenyewe walizikata nota kubwa zienee ndani ya kiti cha piano zilimohifadhiwa, na mara nyingi saini ya mchoraji ikaenda na mkasi.

Mwisho, chukua lenzi ya kukuza mara 10 utazame herufi za rangi. Za asili kwa kawaida zimejaa wino mtupu. Ukiona vinukta vya samawati, waridi na njano ndani ya herufi, huenda hiyo ni nakala ya kisasa.