Mwongozo wa Romeo na Juliet: Muhtasari Mzuri, Hukumu ya Haraka

Mwongozo nilioununua kwa shilingi 350 katika duka dogo la vitabu karibu na River Road una kurasa 84, umebanwa kwa pini mbili za stepla, na jalada lake linaonyesha msichana aliyesimama kwenye roshani huku kijana akimwinulia mikono kutoka chini. Roshani hiyo ndiyo picha inayowajia watu wengi akilini wanapotajiwa Romeo na Juliet, ingawa neno lenyewe halimo popote katika tamthilia ya Shakespeare. Kilichomo ni dirisha na shamba la miti ya matunda. Simlaumu mchoraji. Nimelitaja jalada kwa sababu mwongozo mzima una mazoea hayo ya kutusimulia tulichokwisha kusikia kuhusu hadithi hii, hata pale ambapo maandishi yenyewe yanasema jambo jingine.

Nilimnunulia mpwa wangu aliye kidato cha tatu, ambaye kikundi chake cha maigizo mtaani kwetu Buruburu kimechagua kuigiza maonyesho machache ya tanzia hiyo. Jina la mchapishaji nitalihifadhi, kwa kuwa nia yangu ni kumsaidia anayesimama dukani akijiuliza kama atoe pesa au azirudishe mfukoni.

Panapostahili sifa nitasifu. Muhtasari wa matendo yote matano, onyesho baada ya onyesho, umeandikwa kwa Kiswahili kilichonyooka, na mwanafunzi ambaye Kiingereza cha miaka ya 1590 kimemshinda ataufuata bila kupotea. Kurasa mbili zinazochambua ushairi ndizo bora kuliko zote. Mwandishi anaonyesha kwamba Romeo na Juliet wanapokutana karamuni, maneno yao ya kwanza yanaunda shairi kamili la mishororo 14, mmoja akianza na mwingine akipokea, vina vikipishana hadi wanapobusiana. Msomaji aliyezoea ngonjera ataona mara moja kwamba vijana hawa wanalingana kwa akili na kwa ulimi, jambo ambalo husahaulika pale Juliet anapochukuliwa kuwa mtoto aliyetongozwa tu.

Matatizo yanaanza katika maudhui. Mwandishi anashikilia kwamba dhamira kuu ya tamthilia ni methali isemayo asiyesikia la mkuu huvunjika guu, naye anairudia katika sura tatu, kana kwamba Shakespeare aliandika ili kuwatisha wanafunzi wa bweni. Mpwa wangu aliisoma sehemu hiyo tukiwa ndani ya matatu ya nambari 58, akafunga kitabu, akaniuliza: "Mjomba, kwani hapa mkuu ambaye hakusikizwa ni yupi?"

Nilikaa kimya hadi tulipofika, maana swali lake lilikuwa limeubomoa mwongozo kuliko uhakiki wowote ambao ningeweza kuuandika. Hebu tuwahesabu wakuu hao. Mzee Capulet, baba yake Juliet, anaelezwa na mwongozo kuwa "mzazi mwenye msimamo". Katika tendo la kwanza anamwambia Paris, kijana anayetaka kumwoa Juliet, angoje miaka miwili, na kwamba idhini ya binti ina uzito kuliko matakwa ya baba. Katika tendo la tatu, usiku uleule ambao maiti ya Tybalt, binamu yake Juliet aliyeuawa na Romeo, bado imo nyumbani, anamwahidi Paris arusi ya Alhamisi bila kumuuliza binti, na Juliet anapokataa anamwambia akafe barabarani kwa njaa. Kisha Juliet anaporudi akijifanya ameomba radhi, baba anafurahi hata anairudisha arusi nyuma hadi Jumatano, na kwa siku hiyo moja aliyoipunguza anazidi kuibana nafasi ya barua ya mtawa kumfikia Romeo, aliye uhamishoni katika mji wa Mantua. Sijui msimamo huo ni wa namna gani. Mama naye anajitoa kwa sentensi moja, kwamba amemalizana na mwanawe.

Yaya ndiye mhusika niliyemwonea huruma zaidi kwa jinsi mwongozo ulivyomtendea. Amepewa mistari minne na sifa mbili, "mcheshi" na "mwenye maneno mengi". Hakuna neno kuhusu Susan, binti yake mwenyewe aliyekuwa rika moja na Juliet na aliyefariki. Wala kuhusu kumbukumbu ya siku alipomwachisha Juliet ziwa kwa kujipaka shubiri, miaka 11 iliyopita, siku ya tetemeko la ardhi. Ukiyaondoa hayo huwezi kuelewa kwa nini Juliet anamwamini kuliko mama aliyemzaa, wala uchungu wa yaya huyohuyo anapomshauri aolewe na Paris na kumsahau mume ambaye yeye mwenyewe alimsaidia kumpata. Ajabu ni kwamba swali la saba mwishoni mwa kitabu linatoa maneno ya yaya, kwamba Romeo akilinganishwa na Paris ni kitambaa cha kuoshea vyombo, likimtaka mwanafunzi aeleze muktadha wa dondoo hilo kwa alama 4, na jibu lililochapishwa linasema msemaji ni Mama Capulet. Kosa hilo si dogo. Baada ya maneno hayo Juliet hamwambii yaya siri tena, na kuanzia hapo yuko peke yake katika nyumba iliyojaa watu.

Anabaki Mtawa Laurence, "mshauri mwema" kwa mujibu wa mwongozo. Huyu anamwonya Romeo kwamba wanaokimbia hujikwaa, halafu anawafungisha ndoa siku hiyohiyo kwa tumaini kwamba koo zao mbili zenye uadui zitapatana. Mwanafunzi anayetafuta mfano wa kinaya hahitaji kwenda mbali. Ndiye anayempa Juliet dawa ya kumlaza kama maiti kwa saa 42, na ndiye anayekimbia makaburini aliposikia kelele, akamwacha msichana na miili miwili. Juliet alilisikia la mkuu huyu neno kwa neno.

Kuhusu haraka, ambayo mwongozo unawasingizia wapenzi wawili peke yao, ingefaa msomaji aambiwe kwamba Shakespeare aliitia kwa makusudi. Alichota kisa hiki katika shairi refu la Arthur Brooke la mwaka 1562, ambamo mambo yanachukua miezi na Juliet anakaribia miaka 16. Yeye aliyabana yote kuanzia Jumapili asubuhi hadi Alhamisi alfajiri, na akamshusha Juliet hadi miaka 13. Katika siku hizo chache kila mtu anakimbia: Capulet, Paris, Tybalt, mtawa, hata Balthasar, mtumishi wa Romeo, anayepanda farasi kupeleka habari za msiba ambazo si za kweli. Mwongozo unasema tu kwamba Juliet alikuwa "msichana mdogo", na unapita bila kugusa umri huo, ilhali katika nchi ambayo sheria yake ya ndoa ya mwaka 2014 inataka miaka 18, hilo ndilo jambo la kwanza ambalo wasichana wa kikundi cha mpwa wangu walilibishania.

Barua ya mtawa isiyomfikia Romeo imewekwa chini ya sadfa, mstari mmoja. Ni kweli ni sadfa, lakini mbeba barua alifungiwa katika nyumba iliyoshukiwa kuwa na tauni, na wasomaji wa Nairobi tunaokumbuka Aprili 2020, mji ulipofungwa asitoke mtu wala asiingie, hatuhitaji kufafanuliwa jinsi ujumbe unavyoweza kukwama nyuma ya mlango. Zaidi ya hayo, Mercutio, rafiki wa Romeo, anapokufa anaziapiza nyumba zote mbili zipatwe na tauni, akarudia na kurudia, na tauni hiyohiyo ndiyo inayokuja kuizuia barua. Mercutio ameandikiwa mistari miwili. Wengine, yaani Benvolio, Paris na Mtawala wa Verona, wameelezwa vya kutosha.

Uchapishaji ni wa kusikitisha kidogo: wino umefifia kuanzia ukurasa wa 60, jina la Juliet limeandikwa kwa tahajia mbili, na kurasa za katikati ziling'oka wiki ya kwanza. Kwa shilingi 350 ningeununua tena kwa ajili ya muhtasari na zile kurasa mbili za ushairi, ila sehemu ya wahusika ningemwomba mwanafunzi aisome akiwa na tamthilia yenyewe mkononi na penseli karibu. Mpwa wangu amekwisha kufanya hivyo. Kando ya jibu la swali la saba ameandika, "Si mama, ni yaya," na Jumamosi iliyopita, majukumu yalipogawanywa, aliacha nafasi ya Juliet kwa rafiki yake akaomba apewe ya yaya.