Silmarillion: anzia kurasa za mwisho

Kitabu hiki cha J.R.R. Tolkien kilitoka 1977, miaka minne baada ya kifo chake; mwanawe Christopher ndiye aliyeipanga miswada. Wengi hukinunua kwa kiu ya kumjua Sauron, yule mbaya wa The Lord of the Rings, halafu sura ya pili tu wanakirudisha kabatini. Mimi nasema fungua nyuma kwanza, kwenye faharasa ya majina. Kwa tunaopenda wabaya wa hadithi, utamu uko huko.

Wabaya wakubwa humu hubandikwa majina na maadui zao, tena baada ya matendo. Melkor, mbaya mkuu wa kitabu na bwana wa Sauron, maana yake ni Ainukaye kwa Nguvu, jina la heshima kabisa. Alipomuua mfalme Finwë na kuiba vito vya Silmaril, Fëanor, mtoto wa marehemu, alimlaani na kumwita Morgoth, Adui Mweusi wa Ulimwengu. Tangu hapo Waelfu, watu wasiozeeka wa hadithi hizi, hawakumwita vinginevyo. Sauron naye ni Achukizaye. Nani angejiita hivyo? Alipokwenda kuwalaghai mafundi wa pete za uchawi alijitambulisha kama Annatar, Bwana wa Zawadi. Jina la tapeli hasa, na walinasa.

Aliyenikaa kichwani zaidi ni Maeglin, Mwelfu msaliti. Mama yake alimwita Lómion, Mtoto wa Machweo, kwa siri, moyoni tu. Baba yake, Eöl, hakumpa jina lolote mpaka alipofika miaka 12, ndipo akamwita Maeglin, Jicho Kali, kwa kuwa aliona macho ya kijana yanapenya kuliko yake mwenyewe. Hakuna tusi hapo, ni sifa. Na ndiye huyohuyo aliyekuja kumfichulia Morgoth mji wa siri wa Waelfu, Gondolin, ulipo na jinsi ya kuushambulia. Siku hizi mbaya wa fantasia anazaliwa na jina la kutisha. Ukilisikia tu, mwisho umeshaujua. Huyu alinipita, jina lake halikunionya.

Kasoro zipo. Kuna Finwë, Fingolfin, Fingon, Finarfin na Finrod, ukoo mmoja wote, utachanganyikiwa tu. Mairon, jina la Sauron kabla hajaharibika, halimo kabisa; lilikuja kuchapishwa miaka mingi baadaye kwingine. Na nakala yangu ya jalada laini ina herufi ndogo mno, hasa kwenye hiyo faharasa ninayoisifia. Nyota nne, ya tano nimeikata kwa ajili ya macho yangu.