Taa ya mezani ya kizamani: chuchumaa kwanza ndo utoe hela

Mwaka jana nilinunua taa ya mezani kwa shilingi 135,000, na bodaboda juu yangu 7,000, kwa sababu ya picha ya mtandaoni. Kofia ya bati jeusi, mguu wa shaba, waya umevishwa kitambaa kama waya za pasi za bibi, imepigwa pembeni ya kikombe cha kahawa na kitabu kimefunuliwa. Mimi nafanyia kazi nyumbani, kona kati ya kabati na dirisha, nasoma na kuhariri makaratasi ya watu mpaka saa sita usiku, nikajiona na mimi nshapata kona yenye raha zake.

Usiku wa kwanza tu nikawasha, nikakaa, balbu ikanitazama usoni. Yaani kama bodaboda kakuwashia ful barabarani. Karatasi naiona vizuri, ila kila nikinyanyua macho nakutana na jua. Nikasogeza taa kushoto, nikasogeza kulia, nikapandisha kiti, wapi. Wiki ya pili Mama akaja, akanikuta nimeinama pale, akaniuliza, "We mwanangu, mbona umekunja uso hivyo kama umeng'ata ndimu?" Ndo nikachukua tepu nikapima. Nikikaa, kutoka juu ya meza mpaka jichoni kwangu ni sentimita 44. Kutoka juu ya meza mpaka mdomo wa ile kofia ni sentimita 51, na mguu haushuki, umechomelewa. Sentimita saba zile ndo nilizolipia laki na zaidi. Nikakata karatasi ya kalenda nikaibana kwa vibanio viwili vya nguo kuzunguka kofia ili iwe ndefu, na hivyo ndivyo nilivyofanya kazi miezi mitatu, na kwenye vikao vya video watu wanaona vibanio vya kijani nyuma ya sikio langu wananyamaza tu kwa heshima.

Kwa hiyo kwenye mwongozo huu sitakwambia habari za wati, wala rangi ya mwanga, wala taa iendane na pazia. Hayo yameandikwa kwenye boksi au unayajua mwenyewe. Mimi nina swali moja tu: ukikaa kwenye kiti chako, unaiona balbu au huioni? Kama unaiona, hiyo ni pambo, iweke sebuleni.

Na tatizo hili limekuwa baya zaidi siku hizi kwa sababu ya LED. Ile balbu ya kawaida ya LED nusu yake ya chini ni plastiki imeficha vifaa vyake, mwanga unatoka kwenye kichwa tu, sasa ukiifunga kwenye kofia fupi kinachoning'inia pale mdomoni ni kichwa chenyewe, kinang'aa chote. Watengenezaji wa hizi taa za "vinteji" wanaiga umbo la kofia kwenye picha, hakuna anayejisumbua kupima balbu itafika wapi. Ukiwa dukani waambie wafunge balbu, halafu ingiza vidole viwili kwenye mdomo wa kofia. Balbu inatakiwa iwe imezama ndani angalau kwa upana wa vidole hivyo viwili. Kama kofia ni fupi lakini umeshaipenda basi kuna balbu ndogo za duara, za ukubwa wa mpira wa gofu, zinazama vizuri, ila angalia mdomo wake maana nyingi zinakuja za skrubu nyembamba na holda yako labda ni ya pini au skrubu nene.

Halafu chuchumaa. Nasema kweli. Kaunta za maduka ziko juu, taa wameiweka juu, wewe umesimama unaiangalia kwa juu unaona kofia tu, nzuri, inang'aa, na ndo wanavyokupata. Shuka mpaka macho yako yawe pale yatakapokuwa ukikaa mezani, dhiraa moja hivi juu ya usawa wa kaunta inatosha kwa wengi. Kariakoo nimechuchumaa maduka manne siku moja. La tatu kijana akaja mbio, "Anti, umedondosha hereni?" La nne wakaniletea stuli.

Sasa tuje kwenye taa zenyewe.

Ya kwanza kwangu, na sitajificha kwamba naipendelea, ni Anglepoise. Ndo ile ya mkono wenye viungo na springi chini pale karibu na kitako. Aliyeibuni ni George Carwardine, Mwingereza, fundi wa mambo ya springi za magari, akachukua hati miliki mwaka 1932, na waliokuja kuitengeneza ni Herbert Terry & Sons wa Redditch ambao kazi yao ilikuwa springi tangu zamani. Ile yenyewe ambayo kila mtu anaiga ni modeli 1227 ya mwaka 1935, springi tatu, kitako cha ngazi ngazi. Utamu wake sio ukale. Utamu ni kwamba kofia unaishusha mpaka chini ya jicho, unaiachia, inabaki palepale. Haipandi, haishuki, haikuinamii pole pole kama mtu anasinzia kwenye daladala. Springi zinabeba uzito wote wa mkono, viungo havihitaji kukazwa mpaka vidole vikuume. Ndo maana siku zile watu walitumia balbu ya wati 25 tu, kwa sababu mwanga unaupeleka pale unapoutaka.

Nilipata yangu kwa shangazi aliyetoka Uingereza, mtumba, imechubuka rangi kitakoni, holda ya pini. Plagi ya Uingereza ni hiihii yetu ya miguu mitatu, umeme wao ni volti 230 kama wetu, nimechomeka ikawaka. Mpya ya 1227 ni zaidi ya pauni 200, hiyo sijifanyi kuiona ndogo, ni kodi ya chumba ya miezi kadhaa. Ila mtumba zipo, na kama una ndugu kule mwambie asikuletee chokoleti.

Kama hupati Anglepoise yenyewe, nunua yoyote ya mkono wa springi, lakini fanya jaribio hili: ishushe mpaka karibu na kaunta, iachie, hesabu mpaka thelathini. Copy nyingi hazina springi za kubeba kitu, springi ni za urembo, kinachoshikilia mkono ni skrubu za plastiki, na baada ya miezi miwili zinalegea. Wafaransa nao wana Jieldé, ya Jean-Louis Domecq wa Lyon, 1950, jina lenyewe ni herufi zake J, L na D zikitamkwa Kifaransa, viungo vyake havina waya unaopita ndani kwa hiyo hauchubuki. Naisifia kwa mbali kama mtu anavyosifia gari la jirani.

Ya pili ni ile ya benki, yenye kofia ya kioo cha kijani. Watu wanaidharau wanasema ya kwenye sinema za wanasheria, ila ukikaa mbele yake utanielewa: kofia imelala, ndefu, iko chini, balbu imejificha kabisa. Asili yake ni Emeralite ya Harrison McFaddin wa New York, hati miliki ya 1909, na kioo chake kilikuwa cha tabaka mbili, nje kijani ndani cheupe. Huo weupe wa ndani ndo kazi yote, unarudisha mwanga chini kwenye karatasi. Sasa hizi copy zinazouzwa sasa hivi nyingi ni kioo cha kijani kitupu. Ukiwasha, uso wako wa kijani, karatasi ya kijani, ukuta wa kijani, unafanya kazi kama uko ndani ya chupa ya soda. Inamisha kichwa uangalie ndani ya kofia kabla hujalipa. Nyeupe, chukua. Kijani, mrudishie.

Ya tatu ni shingo ya nyoka, ile inayopindika, kofia ya bati la enameli. Nzuri kama kitako ni kizito. Ivute shingo yote mbele uone kama inapiga magoti.

Taa za shaba za Unguja, zile za maduka ya vitu vya kale Mji Mkongwe, sijazipa namba. Nilionyeshwa moja nikaambiwa ni ya enzi za sultani, nikaigeuza, chini kuna kibandiko cha karatasi kimeandikwa India. Wala si dhambi, Moradabad kule India wanafua shaba nzuri sana, ila basi nipe bei ya India sio bei ya sultani.

Ile ya kipande cha mbao au bomba la maji na balbu ya Edison tupu juu yake, nyuzi zinaonekana, hiyo ya mwisho kabisa. Haina hata kofia ya kulaumu.

Za elfu kumi na tano za plastiki za kubana mezani: zinawaka. Basi.

Na kitu kimoja cha usalama nikisahau nitajilaumu, taa ya chuma lazima iwe na waya wa ethi, au chini yake iwe na ile alama ya mraba ndani ya mraba, maana yake umeme umezuiwa kwa tabaka mbili. Kama haina hata kimoja usiiguse na mikono imelowa, na bora usiinunue.

Sasa wauzaji. Ile taa yangu ya 135,000 niliikuta Kariakoo kwa 48,000, boksi lilelile, mpaka kosa la tahajia kwenye boksi lilelile. Sikatai mtu apate faida, kodi analipa, picha nzuri kapiga, ila niliuliza hadharani "bei gani?" nikajibiwa "njoo inbox mpendwa". Nikaenda inbox. Nikaulizwa niko wapi. Nikasema Sinza. Rafiki yangu yuko Masaki, kwa wenye hela, aliuliza taa hiyohiyo wiki hiyohiyo akatajiwa 160,000. Kumbe bei inapimwa kwa kituo chako cha daladala! Na nilipoomba kurudisha nikaambiwa mali ikishauzwa hairudi, na emoji ya mikono iliyokunjwa juu. Mimi naomba tu uandike bei chini ya picha, tarakimu hazichukui nafasi.

Taa yenyewe bado ninayo, iko juu ya friji, kofia nyeusi mguu wa shaba, inafaa sana kwa mtu mrefu au anayetaka pambo. Naiuza 40,000, kalenda na vibanio natoa bure. Bei ndo hiyo, usinifuate inbox kuuliza.