Laptopu Hadi Tivii: Ununue Nini Kwanza, Kutoka Fremu ya Mwanga, Kigoma

Kabla hujatoa hata shilingi kununua kifaa cha kuunganisha laptopu na tivii au projekta, igeuze laptopu yako ubavu uangalie matundu yake. Katika fremu yangu hapa Mwanga nina droo nzima ya vifaa ambavyo watu walinunua, vikagoma, wakaniachia. Nakodisha projekta za semina, sendofu na vikao vya vikoba, na mara kwa mara mtu huniletea kifaa kipya kabisa, bado kiko kwenye boksi, kisichoelewana na mashine yake.

Mwalimu mmoja wa sekondari kule Ujiji aliagiza adapta Kariakoo, ikasafiri zaidi ya kilomita 1,200 kuja huku reli inakoishia. Alitaka kuwaonyesha wanafunzi ramani ya njia ya misafara kutoka Tabora, na mahali Stanley alipokutana na Livingstone mwaka 1871. (Wanafunzi wenyewe wangeweza kwenda mahali hapo kwa miguu, lakini tuyaache hayo.) Adapta iliingia kwenye tundu vizuri, tivii ikabaki nyeusi. "Fundi, hii wameniuzia ikiwa imekufa," akaniambia. Nikaichomeka kwenye laptopu yangu, picha ikaja pale pale. Adapta ilikuwa nzima. Tundu la laptopu yake ndilo halikuwa na uwezo wa kutoa picha. Basi nimezipanga njia zote hapa chini, kuanzia ile ambayo ningemnunulia mdogo wangu hadi ile ambayo ningemkataza.

1. Waya wa HDMI

Kama laptopu yako ina tundu la HDMI, lile pana kidogo lililopunguzwa kona za chini, habari yako imeisha. Nunua waya, rudi nyumbani. HDMI ilitoka mwaka 2002, na tivii bapa karibu zote unazozikuta madukani zinayo. Waya mmoja unabeba picha na sauti pamoja. Hauhitaji bando, hauhitaji programu, na kipanya hakichelewi kwenye skrini ya pili.

Tena huenda hata huna haja ya kununua. Ving'amuzi vingi vya siku hizi huunganishwa na tivii kwa waya huu huu. Uchomoe nyuma ya king'amuzi, ujaribu kwenye laptopu. Ukiona picha, umeshajua mashine yako iko sawa, na kilichobaki ni kununua waya wako wa peke yake ili watu wa nyumbani wasikununie saa ya taarifa ya habari.

Sasa kuhusu bei. Utaonyeshwa waya wa kawaida na utaonyeshwa wa ncha za dhahabu, umeandikwa 4K, 8K na maneno mengine ya kutisha, kwa bei mara tatu au nne. Muuzaji atakwambia wa dhahabu unatoa rangi kali zaidi. Si kweli. Kinachopita ndani ya HDMI ni tarakimu: ama zinafika, ama hazifiki. Waya mbovu haufifishi rangi. Unaleta vidoti vinavyometameta, au picha inakatika na kurudi. Kama tivii yako ni ya inchi 32 ya kawaida na waya wako ni wa mita moja na nusu, wa bei ya chini unatosha. Mwenye tivii ya 4K, ile yenye nukta nyingi zaidi za picha, ndiye atazame kidogo: toleo la HDMI 1.4 la mwaka 2009 linapitisha picha 30 za 4K kwa sekunde, na la 2.0 la mwaka 2013 linapitisha 60. Hapo kweli waya dhaifu unaweza kukuangusha.

Urefu ndio wa kuufikiria. Mita moja na nusu inakulazimisha ukae chini ya tivii kama mtoto anayetazama katuni. Nyumbani nunua mita tatu. Ukumbini, ambako projekta iko katikati ya viti na msemaji yuko mbele, nunua mita kumi, na hapo usibane pesa, kwa sababu kadiri waya unavyorefuka ndivyo ubora wa shaba unavyoanza kuonekana. Kupita mita 15 waya wa kawaida si wa kutegemea. Kuna zile zenye kikuza mawimbi ndani yake, na ukizinunua kumbuka kuwa ncha moja ni ya kompyuta na nyingine ni ya tivii. Ukigeuza, hupati kitu. Nilitandika mmoja chini ya zulia la ukumbi, nikaufunika vizuri na gundi ya karatasi, kisha nikagundua nimeugeuza. Bi harusi mtarajiwa alikuwa tayari yuko mlangoni.

Laptopu nyembamba nyingine na tableti zina tundu dogo la aina hiyo hiyo, mini au micro. Waya wake upo. Nenda na mashine yenyewe dukani, usiende na kumbukumbu ya kichwani.

2. Adapta ya USB-C

Hii ni namba mbili kwa sharti moja, lile lililomkwamisha mwalimu. USB-C ni jina la umbo la tundu, lile dogo la mviringo linaloingia kwa upande wowote. Umbo halikwambii tundu linafanya nini. Lingine linapitisha chaji na mafaili tu. Lingine linapitisha na picha. Kwa nje ni pacha.

Namna ya kutambua: tazama pembeni ya tundu. Alama ya radi yenye kichwa cha mshale mara nyingi ni Thunderbolt, na hiyo inatoa picha. Alama inayofanana na herufi D na P zilizoungana ni ya DisplayPort, nayo inatoa. Kukiwa na alama ya USB peke yake, au hakuna alama, usikate tamaa wala usilipe. Andika jina kamili la modeli mtandaoni, lile lililobandikwa tumboni mwa laptopu, usome sifa za tundu hilo. Au fanya kama ninavyowaambia wateja: beba laptopu hadi dukani, mwombe muuzaji achomeke adapta kwenye tivii yake ya maonyesho. Duka lisilotaka kukujaribishia, maduka mengine yapo.

Ukishajua tundu lako linatoa picha, chagua adapta yenye tundu la pili la kupokea chaji. Laptopu nyingine zina tundu moja tu la USB-C, na ukilijaza adapta huna pa kuchaji. Semina ya saa nne itakukuta na betri asilimia tatu. Simu nazo zina mkasa huo huo: baadhi za bei ya juu hutoa picha kwa USB-C, nyingi za bei nafuu hazitoi, hata tundu likiwa lile lile.

3. Laptopu ya zamani yenye VGA

Mtumba wa laptopu umejaa, na sioni aibu, hata yangu ya kazini ni mtumba. Nyingi zina tundu la bluu lenye vitobo 15 na nati mbili pembeni. Hiyo ni VGA, ilianzishwa na IBM mwaka 1987. Inabeba picha tu, haibebi sauti.

Kama projekta nayo ina VGA, na za maofisini nyingi bado zinayo, nunua waya wa VGA wa nati mbili, ukaze, umemaliza. Kama upande wa pili ni tivii yenye HDMI peke yake, unahitaji konvata ya kutoa VGA kwenda HDMI. Ya kununua ni ile yenye mkia wa USB wa kuvuta umeme na kijiwaya cha sauti cha kuchomeka kwenye tundu la hedifoni. Isiyo na mkia wa umeme itakutesa.

Mtego uko hapa: konvata ya VGA kwenda HDMI na ile ya HDMI kwenda VGA zinafanana, zinatundikwa msumari mmoja, na hakuna inayofanya kazi kinyumenyume. Usimwambie muuzaji "nipe ya VGA na HDMI". Mwambie: kompyuta yangu ina hiki, tivii yangu ina kile. Kwenye droo yangu mtego huu ndio unaoongoza.

4. Bila waya

Kwanza jaribu cha bure. Laptopu nyingi zenye Windows 10 au 11 zinatoa picha hewani kwa mfumo wa Miracast, na tivii nyingi za kisasa zinaupokea. Fungua sehemu ya kuakisi skrini kwenye tivii, kisha bonyeza kitufe cha Windows pamoja na K kwenye laptopu. Jina la tivii likitokea, libofye. Watu wanaogopa kuwa itakula bando. Haili. Vifaa viwili vinazungumza moja kwa moja, hata mahali pasipo na intaneti kabisa.

Sasa kwa nini nimeiweka ya nne? Inachelewa kidogo, kipanya unakisogeza leo kinafika kesho. Kwa picha za sendofu haidhuru. Kwa gemu, au kufundisha Excel, inachosha. Na ukumbini penye simu mia zinazogombania mawimbi, inakatika.

Vijidude vya kuchomeka nyuma ya tivii ni vingi, na uliza kila kimoja kinapokea nini. Chromecast, kwa mfano, haipokei Miracast. Unairushia kupitia kivinjari cha Chrome, na lazima yenyewe na laptopu viwe kwenye Wi-Fi moja, hata kama ni ya simu yako. Ukirusha ukurasa ulioufungua, picha inatoka kwenye laptopu. Ukirusha video ya YouTube, Chromecast inaivuta yenyewe mtandaoni, na hapo bando linaondoka kweli. Google iliacha kuitengeneza mwaka 2024, kwa hiyo utakayoikuta dukani ni ya akiba au imeshatumika. Mwenye MacBook atafute tivii au kifaa chenye AirPlay, mfumo wa Apple wa kurusha picha hewani.

5. Adapta ya USB ya kawaida

Inaingia kwenye tundu la kawaida la USB, lile la flashi. Ina chipu yake ya kutengeneza picha, inadai programu isakinishwe kwanza, na inaipa kazi kompyuta ambayo huenda tayari imechoka. Nunua pale tu ambapo mashine haina tundu lingine, au HDMI imeungua, na hakikisha laptopu ina USB 3, mara nyingi ya rangi ya bluu ndani. Kuna kifaa kingine kinachofanana nayo kabisa, kina HDMI upande mmoja na USB upande wa pili, lakini kazi yake ni kuingiza picha ya kamera ndani ya kompyuta. Hicho hakitakuonyesha chochote kwenye tivii.

Tivii ya chogo? Konvata ya HDMI kwenda matundu matatu ya njano, nyekundu na nyeupe ipo, ni rahisi, na filamu utaiona. Maandishi hutayasoma. Usinunue kwa ajili ya kazi.

Ukishafika nyumbani

Umeme wetu una tabia ya kupanda na kushuka, kwa hiyo mimi huchomeka waya wa picha kwanza, vifaa vikiwa vimezimwa, ndipo niwashe swichi ya ukutani. Kwenye rimoti chagua HDMI yenye namba ya tundu ulilotumia. Kisha Windows na P: Duplicate inaonyesha kitu kile kile pande zote mbili, Extend inaifanya tivii kuwa meza ya pili, ili wewe usome dondoo zako na watu waone picha peke yake. Kama kingo za skrini zimekatwa, tafuta ukubwa wa picha kwenye menyu ya tivii, uondoe ukuzaji.

Picha ipo na sauti imebaki kwenye laptopu? Bofya alama ya spika kona ya chini, uchague jina la tivii. Kama ni projekta, usiitegemee spika yake. Chomeka sabufa kwenye tundu la hedifoni na uchague spika za laptopu. Fanya hivyo kabla wageni hawajakaa.