Sindano ya maumivu bila swali hata moja: uzoefu wangu na huduma ya dharura

Hospitali yenyewe ni safi na mapokezi yake ni ya haraka, na kwa hayo peke yake ningeisifu, lakini kila nikikumbuka jibu nililopewa katika chumba cha dharura, hasira hunipanda upya. Nilimpeleka mama yangu usiku, kiuno kikimuuma hata kugeuka hawezi. Mhudumu alitokea akiwa ameshavuta diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu, kwenye bomba, akaanza kumpaka spiriti bila kuuliza umri, maradhi wala dawa anazotumia. Nilipomweleza kwa adabu kwamba mama amewahi kuugua vidonda vya tumbo, na kwamba kila siku anameza enalaprili pamoja na dawa ya kuongeza mkojo kwa ajili ya presha, alinijibu bila kuniangalia: "Hii ni sindano, haipiti tumboni. Kwani wewe ni daktari?"

Haipiti tumboni! Dawa za kundi la diklofenaki huzuia mwili kutengeneza kemikali ziitwazo prostaglandini, ambazo ndizo zinazolinda utando wa tumbo na kusaidia damu kufika kwenye figo, kwa hiyo madhara husafiri na damu hata kama dawa imepitia kwenye msuli. Kwa mzee anayetumia dawa mbili kama zile za mama, hasa akiwa amepungukiwa maji, figo zinaweza kufeli ghafla. Siilaumu dawa, kwa mwenye jiwe la figo, kwa mfano, hutuliza maumivu vizuri sana. Ila tahadhari zake zimo kwenye karatasi iliyokunjwa ndani ya boksi, na boksi lilikuwa juu ya toroli, mbele ya macho yake.

Haki isemwe: muuguzi wa zamu, aliposikia sauti zikipanda, alikuja, akamwamkia mama, akamuuliza kuhusu pumu, choo cheusi na dawa za kuzuia damu kuganda, kisha akasimamisha sindano ile. Daktari aliagiza parasetamoli ya mshipa, na baada ya muda mama aliweza kukaa. Hapo nilikuwa tayari kutoa nyota zote, na hata yule wa kwanza nilianza kumsamehe, maana zamu za usiku huchosha.

Kisha tukakabidhiwa dawa za kwenda nazo nyumbani. Ndani ya mfuko mlikuwa na diklofenaki ya vidonge, mara tatu kwa siku. Nyota zote nimezirudisha, isipokuwa moja, nayo ni ya yule muuguzi.