Seti ya vipande 31, ngozi tatu na waleti moja ya mume wangu: uzoefu wangu

Nianze na hukumu kwa wenye haraka. Seti ya vifaa vya kushonea ngozi, ya vipande 31, niliagiza Dar kwa sh 95,000, na sh 8,000 nyingine za kifurushi kwenye basi mpaka huku Mbeya. Leo, mwaka mmoja baadaye, natumia vipande vinane. Vilivyobaki vimelala kwenye kopo la maziwa ya unga, na mtoto ameshachukua viwili vya kuchezea udongo. Ningekuwa na pesa ile mkononi tena, nusu ingekwenda kwenye ngozi, robo kwenye patasi nzuri ya kutobolea, na kilichobaki ningempelekea fundi viatu mmoja wa Mwanjelwa, nitakayemfikia.

Chanzo ni mume wangu. Alinunua waleti mnadani, imepigwa chapa ya dhahabu "ngozi halisi". Miezi minne haikuisha ikaanza kubanduka kama ganda la muhogo uliochemka, ndani kumbe kitambaa, juu utando wa plastiki. Nikasema hii hata mimi naweza. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, jioni nikishasahihisha madaftari nabaki na saa mbili zangu. Nikaingia mtandaoni, nikaona picha ya ile seti imepangwa vizuri kwenye mkoba wake, nikalipa.

Picha ilikuwa nzuri kuliko vifaa. Kisu cha kupunguza unene wa ngozi ukingoni kilikuja butu kabisa, hakikati, kinachana. Nilikinoa kwa msasa namba 400, nikaja na 1000, mwisho nikakisugua kwenye mkanda wa zamani wa mume wangu niliopaka dawa ya kung'arishia masufuria. Hapo kikaanza kunyoa ngozi kama randa. Nyundo ndogo ilivunjika mpini wiki ya pili. Uzi wa rangi kumi na mbili ulinifurahisha kwa macho tu, maana ni mnene, karibu milimita 1, na kwenye waleti unaonekana kama mshono wa gunia. Nikarudi kwenye uzi wa polista wa milimita 0.6, nauvuta mara tatu juu ya bonge la nta ya nyuki ninalonunua kwa wauza asali. Nta inaufanya uzi ushike kwenye tundu, usilegee unapobadilisha sindano.

Kifaa ninachokionya kwa herufi kubwa ni kile cha kuchimbia mfereji wa mshono. Kwenye mkanda au kiatu sawa, ngozi ni nene. Kwenye waleti yenye ngozi ya milimita 1.2 ukichimba mfereji umeshakula sehemu ya nguvu, na mshono unakatikia hapohapo. Waleti yangu ya kwanza ilifunguka pembeni kwa sababu hiyo. Sasa mstari nauchora kwa bikari ya mwanafunzi, ile ya kwenye kopo la hesabu, nimeitanua milimita 3 na kuisugua ncha kidogo isikwaruze. Bikari ilikuwa ya bure, tayari ninayo.

Kilichoniokoa kwenye seti ni patasi mbili za meno, moja ya meno manne na moja ya meno mawili, nafasi ya milimita 4 toka jino hadi jino. Ya manne ni ya mistari iliyonyooka, ya mawili ni ya kona. Unapogonga, jino la kwanza liingize kwenye tundu la mwisho ulilotoboa, ndipo nafasi zinabaki sawa mpaka mwisho. Ila zilikuja na chuma chenye mikwaruzo, zikawa zinang'ang'ania kwenye ngozi. Ukizivuta zinakuja na kazi yote. Nikazisugua meno kwa msasa laini na kuzipaka nta. Dawa ikawa hiyo. Chini naweka ubao wa plastiki wa kukatia nyama, si mbao, mbao inakula ncha.

Sasa ngozi, maana hapa ndipo pesa inapopotea.

Ya kwanza ilikuwa koti la mtumba la pale soko la Sido, sh 12,000. Mbeya ni baridi, makoti ya ngozi yapo mengi, na nilijiona mjanja. Ngozi ya koti imetengenezwa ivalike, ilegee mwilini. Kwa waleti hiyo ni kasoro: mifuko ya kadi ikatanuka ndani ya mwezi, ukiinamisha kadi zinamwagika. Nimeishia kuitumia kwa kutandika ndani tu, mahali pa noti.

Ya pili nilipata kwa mafundi masofa, mabaki. Hii ni ngozi iliyotengenezwa kwa kemikali ya kromu. Ukiikata, mara nyingi katikati ya ukingo unaona rangi ya kijivu inayoelekea bluu. Ni imara, haiogopi maji, rangi zake zinavutia. Tatizo lake ni ukingo. Unausugua kwa maji na kitambaa cha jinzi mpaka mkono unauma, unabaki na manyoya. Kromu inataka rangi ya kupaka ukingoni, tabaka juu ya tabaka, kila moja ikauke na upige msasa kabla ya inayofuata. Mimi sina subira hiyo siku za shule.

Ya tatu ni ngozi iliyotengenezwa kwa magome ya miti. Nilipata futi za mraba nne kwa mtu anayeshona mikanda Iringa, sh 9,000 kwa futi. Nilipoifungua mezani harufu ikanirudisha kwetu Njombe moja kwa moja. Wasiofahamu: miwati ile tunayopikia na kuchomea mkaa, mti wenye asili ya Australia, sababu hasa ya kupandwa kwake kwa wingi ni gome. Kampuni ya TANWAT ilianzishwa pale Njombe mwaka 1949 kwa ajili hiyo, kukamua kutoka kwenye magome ile dawa inayogeuza ngozi mbichi isioze. Nimekua nikiona mafungu ya magome yamerundikwa, na maji ya mvua yanayotiririka chini yake yana rangi ya chai ya rangi. Na hapa nimekaa nalipa nauli ya basi kutafuta ngozi iliyotengenezwa kwa kitu kilichokuwa nyuma ya nyumba yetu. Basi, tuendelee.

Ngozi ya magome ukiidondoshea tone la maji inalinywa na kuacha doa jeusi kidogo, kisha likikauka linafifia. Ukiilowesha unaweza kuikunja na ikashika mkunjo, unaweza kugonga herufi za jina. Ukingo wake ukiusugua unafungana na kung'aa kama mbao iliyopigwa vanishi. Inaanza na rangi ya biskuti, halafu jua na mafuta ya mikono vinaigeuza hudhurungi. Ya mume wangu ina miezi minane sasa, mahali pa kidole gumba pameng'aa peke yake.

Ila uliza inatoka sehemu gani ya ng'ombe. Kipande changu kilikuwa na kona ya tumbo, nami sikujua. Tumbo linavutika, mgongo na bega vimetulia. Upande mmoja wa waleti ukanyooka, wa pili ukaanza kupinda kama jani kavu. Kwa unene, nje naweka milimita 1.2 hadi 1.5, mifuko ya ndani isizidi 1. Jumlisha unene wa tabaka zote kabla hujakata: waleti ya kadi sita ukishona kila kitu kwa ngozi ya 1.5 unapata tofali.

Huyo fundi wa Mwanjelwa nilimfuata baada ya mshono wa tatu kuharibika. Anakaa kibarazani na vifaa vyake vitano, vyote vimeliwa na kazi.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwalimu. Leta tuone."

Akaigeuza waleti upande wa nyuma kwanza, upande ambao mimi sikutaka auone. Mishono ya mbele ilikuwa imelala vizuri, ya nyuma kama meno ya mtoto.

"Ulianza na sindano ya mkono gani?"

Nikamwambia yoyote iliyokuwa karibu.

"Ndiyo maana. Chagua moja, iwe inatangulia daima. Ya pili iingie chini ya uzi wa kwanza, kila tundu vilevile. Uzi hauna macho, unafuata mkono."

Ndicho kitu cha thamani kuliko vyote nilivyopata, na alinitoza soda. Mshono wa sindano mbili, uzi mmoja, kila tundu linapitwa mara mbili toka pande mbili. Wa cherehani ukikatika sehemu moja unaweza kufumuka safari nzima. Huu ukikatika, jirani zake wanashikilia. Uzi kata mara nne ya urefu wa mstari, ukishamaliza rudi matundu mawili nyuma, kata, yeyusha ncha kwa kiberiti cha gesi. Yule baba sindano yake ya kutobolea anaiita msharasi, neno nililokuwa nimelisoma kwenye kamusi tu. Nilifurahi kulisikia likiwa kazini.

Kosa langu kubwa lakini halikuwa la mshono, lilikuwa la hesabu, na mimi ndiye ninayefundisha hesabu darasa la sita. Kadi ya benki, na kitambulisho cha NIDA vilevile, ina milimita 85.6 kwa 54. Nikakata mfuko wa milimita 90, nikaona nimeacha nafasi. Toa mshono milimita 3 kila upande, inabaki 84. Kadi haikuingia hata kwa sala. Siku hizi nakata 98, na kwanza nashona mfano wa karatasi ya manila, natia kadi zenyewe na noti ya elfu kumi, nakunja, nakalia. Ngozi baadaye.

Mawili ya hali ya hewa ya huku, maana maelekezo ya kwenye makopo hayatujui. Gundi ya viatu unapaka pande zote mbili na kusubiri isinate kidoleni ndipo uunganishe. Kopo linasema dakika kumi, mimi Julai hapa Uyole nasubiri ishirini na tano. Na masika nilihifadhi kile kipande cha Iringa ndani ya mfuko wa nailoni nikidhani nakilinda na unyevu. Nilipokitoa kilikuwa na ukungu wa kijani kama mkate. Nilifuta kwa kitambaa chenye siki kidogo, nikaanika kivulini, madoa matatu hayakutoka. Sasa inakaa imeviringishwa kwenye khanga juu ya kabati.

Muuzaji wa seti nilimwandikia kuhusu nyundo. Akanijibu kwa kidole gumba, halafu kimya. Seti naipa nyota mbili kwa tano, na zote mbili ni za patasi. Ngozi ya magome nne; ya tano nimeinyima kwa sababu ya lile tumbo, ambalo muuzaji angeweza kunitajia. Mwezi ujao nashuka Iringa kwenye msiba, nitapita kwake nichague bega mwenyewe kwa mkono, nikiwa na bikari mfukoni.